Baiskeli ya Mikate na Ushauri wa Mtani

Vijana wa bekari mmeniomba niandike jinsi ya kuchagua baiskeli ya mizigo, kwa kuwa nimestaafu na sasa, mnasema, nina muda. Muda sina. Nina bustani ya mchicha, nina wajukuu, na nina mume ambaye miaka yote alizoea kunywa chai ya asubuhi peke yake na sasa anashangaa kumkuta mtu mezani anamuuliza maswali. Lakini nitaandika, maana juzi nilimwona mmoja wenu pale sokoni ananunua baiskeli kwa kutazama rangi. Nilitamani kuvuka barabara nimshike sikio.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi na wahenga, ila aliyesema hayo hakuwahi kupeleka mikate kwa masista. Kwenye kazi yetu asiyechagua ni mtu anayesubiri kuanguka, basi. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini nayaacha. Cheo changu cha mwisho kilikuwa mkuu wa usafirishaji, na maana yake ilikuwa kwamba mvua ikinyesha ninalaumiwa mimi.

Nilizaliwa kijijini upande wa Urambo, kwenye tumbaku. Kule mtoto wa kike anajua baiskeli kwa sababu tumbaku haiulizi wewe ni nani. Ikishakauka inataka kwenda kituo cha ununuzi, na aliyepo ndiye anayeendesha. Nilipoolewa nikaja Tabora mjini, tukapanga mtaa wa Cheyo, na baada ya kuwapata mapacha wangu nikakaa ndani mpaka nikaanza kugombana na kuta. Ndipo nikasikia kwamba bekari ya Bwana Nasoro inatafuta mtu wa kusambaza mikate kwenye maduka. Nikamwachia mama mkwe watoto, nikaenda.

Bwana Nasoro alikuwa Mwarabu wa Tabora, wa familia iliyokaa hapa tangu enzi za misafara, na Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko cha mume wangu. Alikuwa mpole, ila alikuwa na wasiwasi wa kila kitu: mvua, hamira, nzi, mwandamo wa mwezi. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, utaweza baiskeli yenye makreti?"

"Nimeendesha na tumbaku, mzee."

"Mkate si tumbaku."

"Tumbaku ni nzito zaidi."

"Ndiyo maana nakwambia," akasema, akapumua kwa masikitiko, akanionyesha baiskeli.

Sikumwelewa mpaka nilipofika nje ya geti. Tumbaku ni mzigo wenye adabu, ukiufunga umefungika. Mkate ni mwepesi lakini una kiburi: unajaza nafasi, unashika upepo, na haukubali kukazwa. Nilipanga makreti yote nyuma, nikapanda kwa mbwembwe kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na gurudumu la mbele likanyanyuka. Baiskeli ikasimama wima kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Mimi nikabaki nimekaa chini, mikate ikiwa imenizunguka, na mbwa wa jirani akawa wa kwanza kuja kunipa pole.

Aliyeniinua alikuwa Kaka Maganga, dereva mkubwa wa pale, kama tulivyojiita madereva ingawa hakuna aliyekuwa na injini. Maganga alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno. Alifunga kifuko cha mchanga kwenye usukani wangu, akasema, "Mbele nako kunataka mzigo," kisha akaenda zake. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii. Alinifundisha mengine mengi kwa mtindo huohuo wa sentensi moja moja: kreti inalazwa juu ya kibao, siyo juu ya chuma cha keria, la sivyo mikate ya chini inatoka na michirizi, turubai lifungwe mawingu yakiwa bado mbali, na mipira ya kufungia ikatwe kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori, maana ya baiskeli inakatika ukiwa umefika katikati ya barabara, haikatiki kamwe ukiwa nyumbani.

Sasa nimtaje Fundi Chilewa, ingawa akisikia nimemtaja atavimba kichwa.

Chilewa ni Mgogo. Alikuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na reli, na hakuondoka tena. Mimi ni Mnyamwezi. Mnajua maana yake. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara kutoka huku hadi pwani, na walipopita Ugogo babu zake waliwasimamisha kisimani wakadai hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa maji. Ugomvi ule ulipozeeka ukageuka utani, na utani una sheria zake: mtani anakutukana, anakunyang'anya, anakucheka hadharani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika ni wewe uliyekosea.

Siku yangu ya kwanza kupita kibandani kwake alinisimamisha katikati ya njia, mkono juu, sura kavu.

"Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo. "Kabila?"

"Mnyamwezi."

"Nilijua. Mzigo umekukaa vizuri, umezaliwa nao. Lipa hongo upite."

Akachomoa mkate kwenye kreti, akaukata katikati kwa mkono wa grisi, akaanza kula huku ananitazama. Nilimwambia babu yake alikufa kwa kiu akiwa amekalia kisima. Akafurahi sana. Tangu siku hiyo kila asubuhi alichukua mkate wake, na kila asubuhi tulitukanana vizuri, na Bwana Nasoro alipolalamika nilimwambia ni gharama ya barabara.

Tatizo lilikuwa kwenye kazi. Chilewa ndiye fundi aliyejua baiskeli kuliko wote pale mjini, lakini hakuwa na uwezo wa kunijibu swali kwa unyoofu. Nikimuuliza kama cheni imelegea, anasema cheni ni nzima, kilicholegea ni ukoo wetu. Nikimuuliza tairi gani litafaa, ananionyesha tairi la trekta. Nami kwa upande wangu sikuwa na uwezo wa kuamini alichosema, maana mara moja aliniambia breki zimekaa sawa nami nikaingia dukani kwa mteja bila kushuka. Tukabuni utaratibu. Bwana Nasoro hakuwa mtani wa yeyote kati yetu, basi tukawa tunapitishia mambo kwake. Tunasimama watatu kibandani, bega kwa bega, mimi nasema, "Mzee, muulize huyo kama fremu itadumu," naye anauliza, na Chilewa anamjibu yeye, kwa heshima, jibu la kweli lenye maelezo yote. Mzee ananigeukia na kunirudia nilichokwisha kukisikia.

"Mimi ni mwenye bekari au mkalimani?" aliniuliza siku moja. "Nyote mnasema Kiswahili!"

Lakini aliendelea kuja, kwa sababu bila yeye tungepanda baiskeli za kuua watu.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Mapacha wangu walikua, Kulwa na Doto, na mji mzima ukaniita Mama Kulwa, jambo ambalo Doto hajalisamehe hadi leo. Pikipiki zikaja, kisha zile za magurudumu matatu za injini zikaja, na mikate yetu ya madukani ikaanza kupungua, maana wenye bekari kubwa walikuwa wanafikisha kabla yetu. Bwana Nasoro akaanza kutembea uani huku mikono iko nyuma. Tulijua anachowaza.

Ndipo ikaja habari ya shule. Shule moja ya wasichana ya bweni, inayosimamiwa na masista, ilitaka mtu wa kuwapelekea mikate kila asubuhi kabla ya chai. Ilikuwa mikate mingi kuliko tuliyokuwa tunasambaza mji mzima. Kulikuwa na mtu wa Nzega mwenye pikapu aliyekuwa anaitaka kazi hiyo pia, lakini Sista Yustina, mwenye jiko la shule, aliipenda mikate yetu. Akasema tujaribu. Mikate ifike mapema, na ifike ikiwa mizima.

"Wasichana wangu wanagombana kwa sababu ya mkate uliobonyea," alinieleza. "Hakuna anayetaka kuuchukua. Vita vyote vya shule hii huanzia kwenye mkate uliobonyea."

Bwana Nasoro akatuita mimi na Maganga uani. Alisema tukiipata shule, sote tunabaki. Tukiikosa, anafunga usambazaji, atauza mikate dirishani tu, na dirishani anatosha mtu mmoja, naye ni mpwa wake. Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake. Maganga alikuwa ameshapita umri wa kupata kazi nyingine, na mke wake alikuwa anaumwa. Mimi nilikuwa na mapacha sekondari. Kisha mzee akasema baiskeli zetu hazitoshi kwa mzigo ule, tunahitaji moja ya kazi ngumu hasa, na kwa kuwa yeye alikuwa anasafiri kwenda harusini Urambo, nichague mimi.

Nikaenda dukani na Maganga. Mwenye duka akatutolea tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyekundu, yenye gia na kapu kubwa la chuma mbele. Ilikuwa nzuri mno. Niliinama nikaona gia zake ziko wazi chini, karibu kabisa na ardhi, na mchanga wa Tabora mnaujua. Nikaiacha kwa majonzi. Vijana, kitu chochote chenye meno kikae mbali na mchanga.

Ya pili ilikuwa nyeusi, ya chuma, ya mtindo wa zamani: vyuma viwili vya juu, breki za fimbo, keria ya kawaida. Baiskeli ya babu. Nilikaa juu ya keria nikajitikisa, ikalalamika kidogo lakini haikuyumba.

Ya tatu ilikuwa guta, ile ya magurudumu matatu yenye kitanda kipana nyuma. Maganga aliipanda, akalala chali kwenye kitanda chake, akafumba macho. "Hii," alisema. Kwa Maganga hiyo ilikuwa hotuba. Na kweli ilikuwa na hoja: haianguki, haihitaji kifuko cha mchanga, na makreti yote yanakaa bila kupandana.

Nikiwa hapo nawaza, Chilewa akatokea. Sikumwita. Alizizunguka zile baiskeli, mikono mfukoni, akasimama mbele yangu.

"Mama Kulwa, chukua nyeusi. Guta litakuaibisha."

Nikampigia simu Bwana Nasoro ili ashauriane naye kwa niaba yangu. Haikupokelewa, bila shaka alikuwa kwenye pilau. Nikabaki na mtani wangu, ana kwa ana, bila mkalimani.

Nikafikiri kwa makini. Mtani akikwambia chukua nyeusi, maana yake nyeusi ni mbovu, kwa hiyo guta. Lakini Chilewa anajua kwamba nitachukua kinyume cha anachosema, kwa hiyo amesema nyeusi ili nichukue guta, kwa hiyo guta ndilo bovu, kwa hiyo nyeusi. Lakini anajua pia kwamba mimi si mjinga, na nitagundua hilo, kwa hiyo amesema nyeusi ili nigundue na kuichukua nyeusi kweli, kwa hiyo guta. Kichwa kikaanza kuniuma. Mahali kilipoanzia kuuma palikuwa kwenye guta, basi nikachukua guta. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linaisikia dawa vizuri kabisa, ila lilidhani ni matusi.

Chilewa alitikisa kichwa, akaondoka bila kutukana. Hapo ningepaswa kushtuka.

Asubuhi ya jaribio tulitoka mapema, mimi kwenye pedeli na Maganga nyuma anasukuma panapopanda. Guta lilitembea kwa raha kabisa. Watu walitupungia mkono. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumtambia Chilewa, na tukafika relini.

Njia ya mkato ya kwenda shuleni inavuka reli pale pa waenda kwa miguu. Wakubwa wa reli, ili magari yasikatize pale, walikuwa wamesimika vipande viwili vya reli kuukuu, wima, kimoja kila upande wa njia. Nimepita katikati yake kwa baiskeli karibu maisha yangu yote ya kazi, na kwa sababu hiyo sikuwa nimeviona. Guta liliviona. Liliingia gurudumu la mbele, likaingia na nusu ya mimi, halafu likasema kwaa, likakaa. Kitanda kilikuwa kimegota kotekote. Tulisukuma mbele, halikwenda. Tulivuta nyuma, halikurudi. Upande wa kule kwenye barabara ya magari, treni ya mizigo ilikuwa imesimama na kuziba njia, na dereva wake amekaa dirishani anakula hindi la kuchoma akitutazama.

Tukaanza kupitisha mikate kwa mkono. Watu wema wakajipanga mstari pande zote mbili kutusaidia, na mikate ikawa inatoka upande huu ikiwa mizima na kufika upande wa pili imepungua. Mzee mmoja alinieleza kwa utaratibu kwamba huwezi kusaidia kubeba kitu usichokijua ladha. Mwenye mbuzi mmoja akasimama kutoa ushauri, na wakati anatoa ushauri mbuzi wake wakawa wanatoa msaada. Kisha akaja Chilewa kutoka kibandani kwake, akaona, akacheka mpaka akashika kipande cha reli asianguke. Ilikuwa haki yake. Alicheka haki yake yote.

Tulifika shuleni na kreti moja moja kichwani, chai ilikuwa imeshapoa. Nilimsalimia Sista kwa "Tumsifu Yesu Kristo", na mimi ni Mmoraviani, lakini siku hiyo ningesalimia hata kwa Kilatini.

"Milele na milele, amina," alijibu. "Wasichana wamekunywa chai na sala, Mama Kulwa. Sala haishibishi." Alichukua mkate mmoja uliobonyea, akautazama kwa hofu, akauficha chini ya meza. "Kesho kutwa nawapa nafasi nyingine. Mkishindwa, namwita yule wa pikapu. Nisameheni, lakini nina watoto wa kulisha."

Sikuwa na cha kumlaumu. Tulirudi relini, guta likiwa limeshakwamuliwa na watu, na Maganga akakaa juu ya reli, kichwa kati ya magoti. Niliona haya kumtazama. Nikamwacha nikaenda kibandani kwa Chilewa, maana ilikuwa lazima nipite, na nikatoa mkate wa hongo kabla hajauchukua, ili aibu iishe haraka.

Aliutazama. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Leo sitaki mkate."

Vijana, damu yangu iliganda. Tangu nimjue hakuwahi kukataa mkate, hata siku aliyokuwa na homa alikula ganda. Nikauliza nani amefariki.

"Hakuna," alisema. "Nimemwona Maganga pale relini. Mtu akikaa vile hachekwi. Rudisha guta, chukua ile nyeusi, niletee hapa sasa hivi."

"Ungeniambia kwamba guta halitapita pale."

"Ungeniamini?"

Nikasema hapana, kwa sababu ni kweli.

Nilikwenda na guta dukani nusu natembea, nusu nakimbia. Mwenye duka alikubali kubadilisha, ingawa alinusa kitanda cha guta na kusema sasa atalazimika kulitangaza kwa wenye njaa. Nikaileta nyeusi. Alichokifanya Chilewa siku ile na siku iliyofuata ndicho ninachotaka mkielewe, maana mkiwa dukani hamtakipata, itabidi mkitengeneze. Aliifungua yote. Akachomelea nondo kwenye uma wa mbele unaoshika gurudumu, pande zote mbili. Akang'oa spoku za nyuma akaweka za pikipiki. Keria akaitupa, akatengeneza nyingine ya chuma cha pembe, akaikaza kwa nati kubwa na wala hakuichomelea, maana kilichochomelewa kikivunjika kimevunjika, lakini nati ikilegea inakupigia kelele kwanza. Akaweka stendi ya miguu miwili, pana, ili baiskeli isimame yenyewe ukipakia. Na makreti akapima yapande juu, siyo ubavuni, upana usizidi usukani. Usukani ukipita na mzigo unapita. Alinieleza hatua kwa hatua, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, na mimi niliitikia "ndiyo, fundi", na wote wawili hatukujua macho yetu tuyaweke wapi.

Jioni akasema lazima ijaribiwe na mzigo.

"Baiskeli huijui mpaka uijaze," alisema. "Makreti matupu hayatoshi. Inatakiwa kitu chenye uzito unaojitikisa."

Akapanda yeye mwenyewe juu ya keria, akaweka kreti tupu magotini, akaniambia niendeshe kuelekea sokoni, kwani kule kuna mashimo ya kupimia uma. Nikaendesha. Spoku hazikulia, uma haukutetemeka. Nilikuwa nimezama kabisa kwenye mambo ya kiufundi. Tulipofika sokoni nikaona watu wanacheka, wanawake wanapiga vigelegele, na nilipogeuka nikamkuta Chilewa amekaa wima kama chifu, anapunga mkono kushoto na kulia.

"Mnamwona?" alikuwa anawaambia. "Misafara imekwisha lakini Mnyamwezi hajaacha kubeba! Nipelekeni Dodoma!"

Alinizungusha soko lote. Nilipomwuliza hadi lini, alijibu kwamba kiufundi bado hajaridhika na keria. Nilimmwaga pale kwenye rundo la maganda ya karanga. Akasema stendi nayo inafanya kazi vizuri.

Asubuhi ya jaribio la pili nilitoka peke yangu, Maganga akinifuata na baiskeli yake ya zamani akiwa na makreti ya ziada. Pale relini nilishuka. Niliushika usukani, nikausogeza taratibu, ukapita, nikatazama nyuma na makreti yakapita, nafasi ikabaki ya kupitisha vidole. Nyuma yangu Maganga alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti kabla ya hapo, na ana kicheko chembamba cha ajabu, cha mtu wa umbo jingine kabisa.

Sista Yustina alitupokea mlangoni mwa jiko, chai ikiwa bado jikoni inachemka. Alifungua kreti ya chini kabisa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganywa na ya juu, akauchomoa mkate, akaubonyeza kwa kidole. Ukabonyea, halafu ukainuka taratibu ukarudi ulivyokuwa.

"Na kesho," alisema, "muongeze kreti moja ya masista. Sisi nasi tunakula."

Bwana Nasoro aliporudi kutoka Urambo alisimuliwa yote, akaikagua baiskeli, akaanza kuwa na wasiwasi wa kuibiwa. Maganga alibaki na kazi mpaka aliposema mwenyewe kwamba imetosha. Mimi nami nikabaki mpaka mwezi uliopita.

Lakini siku ile ile ya jaribio la pili, nikitoka shuleni na makreti matupu, nilisimama kibandani kwa Chilewa. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Alikuwa amechuchumaa, ameegemeza gurudumu la mtu magotini, anakaza spoku. Nikasimama mbele yake, nikaunganisha mikono, nikamshukuru kwa Kinyamwezi, kwa adabu, kama ninavyomshukuru mkubwa wangu.

"Wabeja, fundi. Umetuokoa."

Hakuinua uso. Spana ikasimama.

"Usiseme hivyo," alisema polepole.

"Nisiseme nini? Ni kweli umetuokoa."

"Mama Kulwa." Alikuwa anaangalia spoku. "Wazazi wangu walifariki, ndugu zangu wametawanyika, huko kwetu sasa hakuna anayenijua. Hapa mjini kila mtu ananiita fundi. Fundi, fundi, shikamoo fundi. Anayenitaja babu yangu ni wewe tu. Ukianza kunishukuru, mimi nitabaki na nani?"

Nilikaa juu ya ndoo yake ya maji ya kupimia pancha. Nilitaka kulia, lakini hilo ndilo lingemmaliza kabisa. Basi nikajifuta pua, nikaanza kumtukana. Nilianza na babu yake aliyekufa kwa kiu akiwa amekalia kisima, nikaja kwa bibi yake, nikaja kwa baba yake, wajomba, mashangazi, mmoja mmoja, taratibu, bila kumruka mtu. Chilewa alikuwa ameinama, anakaza spoku, na kwa kila niliyemtaja aliitikia, "Yupo."